Gobore Lililokosa Mwenyewe

Kwa miaka kumi na saba Hassani na mdogo wake Idrissa hawakuwahi kumaliza sahani moja ya pilau bila kugombania gobore la babu yao. Baba yao alifariki bila kutaja nani alichukue, na hilo likatosha kuharibu kila Idi. Hassani alikaa nalo nyumbani kwake mtaa wa Katindo, mjini Goma, kwa sababu alizaliwa mbele. Idrissa, dereva wa malori aliyejenga mtaa wa Mugunga, alidai kwamba haki ni yake, kwani ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Wote wawili walikuwa na mvi na vitambi, na wote wawili walijua kununa kama watoto walionyimwa sukari.

Gobore lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa kitu cha kununiana. Lilikuja na babu yao Ramazani kutoka Kasongo, mtutu umeliwa na kutu, kitako kimefungwa kwa waya, na halijalia tangu kabla baba yao hajazaliwa. Lakini mgeni akikaa kwa Hassani, ilikuwa lazima aonyeshwe, kisha asimuliwe jinsi Ramazani alivyomwangusha tembo kwa risasi moja. Akienda kwa Idrissa atasikia habari ileile, ila huko tembo walikuwa wawili.

Nasiba, dada yao wa katikati, alizisikiliza hadithi hizo huku akimimina chai. Alikuwa mjane, fundi wa kushona mapazia, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye analitaka gobore. Alilitaka sana. Kila alipofika Katindo alitafuta kisingizio cha kupita chumba cha nyuma ili aliguse tu.

Utotoni, kila siku moja kabla ya Idi, kaka yake na mdogo wake walipokimbilia mpira, ni yeye baba alimwita. Alimpa kitambaa na kibakuli cha mawese, wakakaa pamoja kuupaka mtutu mafuta. Hapo ndipo alipoambiwa habari ya tembo. Hakukuwa na tembo. Kitu pekee kilichowahi kuuawa na gobore hilo ni mbuzi wa jirani, tena kwa bahati mbaya, siku Ramazani alipokuwa anajionyesha mbele ya rafiki zake. Alikwenda kuomba radhi, akafukuzwa. Alikwenda mara ya pili, akapewa maji ya kunywa. Mara ya tatu akaposa binti wa mwenye mbuzi, na huyo ndiye aliyemzaa baba yao.

"Bila ule mbuzi, wewe hauko hapa," baba alimwambia, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi mwaka huu likapita tangazo mitaani. Mtu mwenye megafoni juu ya pikipiki alisema nyumba zote za Goma zitapekuliwa, mtaa kwa mtaa, na atakayekutwa na silaha atajibu mwenyewe. Kuipeleka kwa hiari nako watu walikuogopa, maana ilisemekana kwamba anayeleta moja huulizwa ziko wapi nyingine. Na kuzika kitu Goma si kazi ya mchezo, chini kote ni jiwe la volkano.

Asubuhi iliyofuata Hassani aliamka na roho nzuri ajabu. Alilifunga gobore ndani ya mkeka, akalilaza chini ya kabichi kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, akalituma Mugunga pamoja na salamu: amewaza sana, na ameona kwamba mdogo wake ndiye mwenye haki. Kesho yake chukudu ileile ilirudi Katindo. Idrissa naye alikuwa amewaza. Mkubwa ni mkubwa, alisema, na yeye si mtu wa kuvunja heshima ya ukoo. Katika siku nne gobore lilifika Mugunga mara mbili na kurudi mara mbili, na kabichi zikaanza kunuka.

Siku ya tano walifika wote wawili kwa Nasiba, mtaa wa Majengo, wamepanda pikipiki moja, jambo ambalo halijaonekana tangu matanga ya baba yao. Waliuweka mkeka chini. Hassani alikohoa, akasema kwa sauti ya msikitini kwamba wamemtendea dada yao vibaya miaka yote hii.

"Tangu leo iko ya wewe, Nasiba. Ya wewe kabisa."

"Papa angefurahi," Idrissa aliongeza, akitazama mlango.

Nasiba aliweka mkasi wake chini. Alikasirika na akafurahi kwa pamoja, na furaha ilizidi mpaka akajionea haya. Akawaambia warudie, mmoja mmoja, kwamba ni lake na watoto wao hawatakuja kulidai. Wakarudia haraka haraka, wakaondoka bila kungoja chai.

Alipobaki peke yake hofu ilimshika. Majengo ingepekuliwa Alhamisi, na ilikuwa Jumanne. Mwanamke anayeishi peke yake katika nyumba ya mbao, gobore refu kama yeye mwenyewe atalificha wapi? Angeweza kulipeleka ziwani. Aliliwaza hilo mara moja, akamwona baba yake na kibakuli chake cha mawese, hakuliwaza tena. Akafungua ile waya, akatafuta bisibisi ya cherehani yake.

Alhamisi asubuhi waliingia askari watatu. Walifungua magunia ya vitambaa, wakapiga magoti kuangalia chini ya kitanda, wakagongagonga mbao za ukuta. Mmoja alilisogeza pazia la dirishani, lile jekundu lenye maua ya dhahabu ambalo Nasiba huwaonyesha wateja, akachungulia uani, kisha akaliangalia pazia lenyewe kwa muda mrefu. Askari akauliza kama kitambaa hicho kipo cha kijani. Nasiba akamjibu kipo, alete tu vipimo vya dirisha lake. Walipotoka akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi.

Miezi miwili ikapita. Upekuzi ulisahaulika, mji ukashughulikia mambo mengine, na siku moja kabla ya Idi, alasiri, Hassani na Idrissa wakabisha hodi. Hassani alieleza kwamba walikuwa wamemwachia dada yao ile bunduki aitunze tu. Idrissa akasema ndiyo, hasa hivyo, na sasa irudi Mugunga. Hassani akauliza Mugunga imetoka wapi tena. Wakaendelea kwa robo saa, huku Nasiba anakanyaga cherehani kana kwamba nje kunanyesha.

"Iko wapi?" Hassani aliuliza mwishoni.

"Iko humu," Nasiba akajibu. "Mutafute."

Walitafuta kuliko wale askari. Idrissa alijiingiza chini ya kitanda mpaka kiunoni, akalalamika kwamba haoni kitu. Hassani akaenda dirishani kumpa mwanga, akalivuta pazia kwa nguvu. Pete zake zikakwaruza chuma, mlio mkavu, mrefu.

Hassani alisimama hapohapo, mkono bado hewani. Huo haukuwa mlio wa fimbo ya pazia. Taratibu akainua macho, akauona mtutu umelala juu ya misumari miwili, safi, unang'aa mafuta, kutu yote imeondoka. Akatazama meza ya cherehani, akaona mguu wake mfupi umeegemea kitako cha mti wa zamani. Alikaa na bunduki ile miaka kumi na saba na hakuwahi kuipangusa hata vumbi.

Nasiba aliacha kushona. Alimngoja apige kelele. Hassani aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua kofia yake.

"Papa alikuaka anakuita wewe," alisema polepole. "Siye tulikuwa kwa mpira." Akaiweka kofia magotini. "Kesho Idi. Naweza kupakaza kidogo?"

"Kwanza uniambie iliua nini."

Hassani alifungua mdomo, na tembo alikuwa tayari yuko kwenye ulimi. Akautazama tena mtutu na maua yake ya dhahabu.

"Sijui," alisema.

Nasiba hakuwahi kumsikia kaka yake akitamka neno hilo, na moyo wake ukalainika wote. Aliteremsha kibakuli cha mawese kutoka kabatini, akampa na kitambaa.

"Ilikuwa mbuzi," alimwambia.

Kutoka chini ya kitanda Idrissa, ndevu zimejaa vumbi, akauliza mbuzi gani.