Masikio ya Gari la Mradi

Jumamosi asubuhi, kwenye gereji ya mabati pale Rusimbi, fundi Athumani alikuwa amepiga magoti kando ya gari jeupe la mradi, akisugua kingo za fenda kwa kitambaa chenye petroli. Mipira minne mipana ilikuwa imelazwa juani juu ya gunia ili ilainike. Mafundi wa Rusimbi huiita masikio, kwa sababu ikishafungwa juu ya matairi gari huonekana kama limetega sikio barabarani. Kutoka ziwani kulikuja harufu ya dagaa walioanikwa, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

Tatizo lilikuwa tope. Matairi mapya yalikuwa mapana kupita fenda, na masika yale yalirusha tope hadi madirishani, mpaka maneno ya mlangoni, "Uzazi Salama kwa Kila Mama," yakawa hayasomeki. Bwana Alphonce, mkuu wa mradi, hakulipenda jambo hilo. Alisema mradi usioonekana ni sawa na mradi usiokuwepo, na ofisini kwake hakuna aliyethubutu kumbishia.

Athumani alitoboa matundu kwa drili, akayapaka rangi yasishike kutu, kisha akakaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni ili mpira usijikunje. Alipomaliza alilipiga gari kofi la mgongo, kama anavyoyapiga yote.

"Haya, umepata masikio. Sikia sasa."

Pastory, dereva, alicheka. Magari mengine yaliyowahi kuambiwa hivyo hayakuwa na la kusikia.

Jumatatu, Pastory na bosi wake walipokuwa wakishuka kutoka Kalinzi, gari lilisimama kwenye kona ya mikaratusi. Pastory hakuwa amekanyaga breki. Ukungu ulikuwa umetanda barabarani, mweupe na mzito, na ndani yake sauti za wanaume zikaita, "Hagarara! Simama, dereva!"

Wote wawili walizitambua. Zilikuwa sauti za mwezi Machi, siku walipowapita hapo wanaume wanne waliobeba mwanamke kwenye machela ya miti, uchungu umemshika tangu jana yake. Bwana Alphonce alisema wasisimame, wanachelewa kufungua semina. Mwanamke huyo, Veneranda, ambaye majirani walimwita mama Recho, alifia njiani kabla ya kufika kwenye lami, na mtoto wake tumboni. Wito ule haukupata wa kuupokea, kwa hiyo ulikuwa bado upo pale ukunguni, na gari, kwa kuwa sasa lina masikio, liliusikia.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Kiti kilibonyea upande wa kushoto, taratibu, kama anavyokaa mtu mwenye maumivu, na mlango ukajifunga. Gari lilikwenda lenyewe hadi lango la hospitali mjini, likasubiri kiti kiinuke, ndipo likarudi kumtii Pastory. Bwana Alphonce alitazama saa yake, akaguna.

Kesho yake alikwenda Rusimbi kuuliza kama masikio yanaweza kutolewa. Athumani alimwambia yanatoka, ila matundu yatabaki na fenda itaoza. Bwana Alphonce alipitisha kiganja mlangoni, kikatoka safi. Aliyaacha, akaanza tu kuondoka Kalinzi mapema kidogo.

Kufikia Juni kila mtu alikuwa ameshazoea. Gari likisimama, wauza ndizi wa pale konani walisema, "Pole, mama Recho," wakaendelea kupanga mikungu yao. Pastory alitandika kanga kwenye kiti cha nyuma, maana asubuhi za mlimani zina baridi. Aliona aibu. Ilimrudia kila walipoikaribia mikaratusi, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Wanawake wengine wenye mimba waliendelea kuteremka kwa miguu kandokando ya barabara ileile, na gari liliwapita. Hawakuliita. Walishajua.

Siku moja Dismasi, mume wa Veneranda, aliwasubiri konani. Alikuwa mmoja wa wale wanaume wanne. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, na kwapani alibana beseni lenye kanga na nguo za mtoto mchanga. Gari liliposimama na kiti kikabonyea, alisogea kwenye dirisha la mbele.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Naomba nipande na mke wangu. Nilimwahidi nitakuwa naye hadi mlango wa wodi. Sasa kila siku anafika peke yake."

Bwana Alphonce alimwonea huruma kweli, na huruma yake ilionekana usoni. "Pole sana, ndugu yangu. Ila gari la mradi halibebi abiria. Likitokea la kutokea, nitajibu nini?"

"Bosi, nafasi ipo," Pastory alisema.

"Nafasi ipo. Ruhusa ndiyo haipo."

Kioo cha nyuma kilishuka chenyewe. Dismasi akaingiza mkono, na mkono ukashikwa. Aliinamisha kichwa, beseni likamponyoka, nguo za mtoto zikatawanyika mchangani.

"Baba Recho," sauti ya Veneranda iliuliza, "umekula?"

"Nimekula," Dismasi alijibu, ingawa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana.

Gari lilianza kwenda. Alitembea nalo, kisha akakimbia nalo, mkono wake bado ndani, viatu vikitimua vumbi hadi mteremko ulipoanza. Chini kabisa, kati ya vilima, ziwa lilikuwa limetulia, rangi moja na anga.

"Pandisha kioo, vumbi linaingia," Bwana Alphonce alisema.

Pastory alisubiri vidole vya mwisho vitoke, akapandisha.

Walikata kona mbili. Halafu Veneranda akauliza kutoka kiti cha nyuma kama mume wake ameshapanda. Pastory alimtazama bosi wake. Bosi alikuwa anasoma simu.

"Anakuja nyuma yetu, mama," Pastory alisema, akabadilisha gia.