Diski Isiyovuma

Theopista hakuwa na ruhusa ya kumjibu baba mkwe wake, kwa hiyo alikuwa anamjibu dereva.

"Ngusa, mwambie baba aizime hiyo mashine. Barabara mbaya."

"Mzee," Ngusa akasema bila kugeuka, "mkweo anakusalimia."

Mzee Enoka, mwenyekiti wa wafuga nyuki, alikuwa kaketi mbele na kompyuta mapajani, inawaka kwa betri ya pikapu, sikio kalilaza juu ya boksi kama mkunga. Mwaka huo wa tisini na saba barabara ya Ugalla ilikuwa na mashimo ambayo, wenyewe wanasema, fisi aliingia kwenye moja akatokea Tabora na wajukuu.

Jana yake, ofisini kwao mtaa wa Kashaulili, fundi Osward alikuwa amewaletea mashine mbili. Kubwa ina diski ya kuzunguka: sahani inakimbia ndani, na kijisindano kinapita juu yake bila kuigusa. Hiyo ni ghala, inameza majina ya wanachama wote na mizinga yao, hata ya marehemu. Ndogo haina kinachozunguka. Kumbukumbu zake zimekaa kwenye kadi ngumu, kimya, haziogopi kutikiswa. Ila ni kikapu tu, na bei ya kadi hiyo, Osward alisema kajishika kifua, ni zizi zima la ng'ombe.

Mzee Enoka akafanya kama afanyavyo porini. Akagonga moja, akatega sikio, akagonga ya pili.

"Huu una nyuki," akasema juu ya ile inayovuma. "Ule mtupu."

Akaagiza inayovuma isizimwe mpaka kambini porini, maana mzinga ukinyamaza njiani ujue nyuki wamekufa. Na ile bubu ichukuliwe vilevile. Mzinga mtupu hauachwi nyumbani. Unatundikwa mtini, huenda kundi likahamia.

Theopista alicheka nyuma ya khanga, kisha kicheko kikamkauka. Kambini mnunuzi alikuwa anasubiri na lori, na asali ambayo haijaandikwa kwenye mashine ni ya nani na ya pori gani, hanunui. Theopista ndiye aliyewabembeleza wanachama wayakubali masharti hayo. Lori likirudi tupu, nani atamsikiliza tena? Atarudishwa kwenye kinu na mchi, na wakwe wa kumcheka wapo.

Kwa hiyo sasa, nyuma ya pikapu, hakutulia. Alikaa juu ya dumu, akahamia kwenye gunia, akasimama kashika bomba, akachungulia mbele, akakaa tena.

"Ngusa, mwambie kile kijisindano kitaikwaruza sahani!"

"Mzee, mkweo anauliza kama umekula."

"Mwambie nimeshiba."

Gurudumu likazama. Pikapu ikaruka, madumu yakaruka, na Theopista akaapa baadaye kwamba alipita juu ya mninga akauona mto. Mbele ikasikika: ka, ka, ka.

"Wanajiandaa kuhama," mzee akasema, ila sauti ilikuwa imepungua. Kisha mvumo ukakata.

Kambini waliiwasha, ikagoma. Wakaiwasha tena, ikagonga kidogo, ikanyamaza. Mnunuzi akatazama jua, akatazama lori lake.

"Kamba!" akaita mzee Enoka. "Tundikeni ile tupu juu, hii iwekeni chini yake. Vilivyomo vitapanda."

Wanachama hawakucheka. Tangu lini mwenyekiti akakosea juu ya mizinga? Mwenyewe akarusha kamba juu ya tawi, akaanza kuivuta ile ndogo, inapanda inazungukazunguka.

"Ngusa," Theopista akasema, "mwambie."

"Mama, mimi nimeajiriwa kuendesha."

Mnunuzi alishafungua mlango wa lori. Theopista akajikuta katikati ya wanaume, khanga imeanguka mabegani.

"Baba! Shusha hiyo mashine!"

Kambi nzima ikaganda. Mkwe kumfokea mkwe! Mzee Enoka alishtuka hata vidole vikasahau kazi yake, kamba ikamponyoka, na mashine ikaja chini, pwaa, juu ya mzizi.

Theopista akaiokota. Kioo kilikuwa na ufa pembeni. Akaiunganisha na betri, akabonyeza. Herufi zikaja moja kwa moja, bila mvumo, kama hakikutokea kitu.

"Leteni ndoo," akasema. "Jina, pori, kilo. Basi."

"Na mizinga ya marehemu baba yangu?" akauliza Manyanda, mwanachama wa kwanza kwenye foleni. "Iandike na yenyewe."

"Haitaingia, kaka. Hii ni ndogo."

"Marehemu hana hata nafasi!"

"Weka ndoo, Manyanda!" mnunuzi akakemea, akafunga mlango wa lori, yeye akiwa nje.

Mizani ikaanza kazi. Mzee Enoka alijitenga, kampa Theopista mgongo, ile kubwa ipo miguuni kwake.

"Ngusa. Mwambie mkwe wangu: hii yangu imeugua, ikalalamika, ikafa. Kila mtu kasikia. Hiyo yake siku ikifa, nani atajua?"

Ngusa akafungua mdomo atafute cha kubadilisha.

"Nimesikia," Theopista akasema.

Akaandika kilo za Manyanda. Akainamisha sikio juu ya mashine, hakuna kitu. Ndoo ya pili ilikuwa tayari juu ya mizani na watu wanasukumana, lakini akainua mkono wangoje, akarudi nyuma kwenye orodha kutazama kama Manyanda bado yumo. Alikuwemo. Akaandika wa pili, akarudi tena kumtazama Manyanda.