Herufi Iliyoliwa Pembeni

Bi Mwanaupe alipoliona lori la Machage likiingia Bunda, adhuhuri ikikaribia, aliinuka. Lilikuwa limechelewa siku nzima. Hata hivyo hakumkaripia dereva. Tangu marehemu mumewe, Kasmiri, amwachie kazi ya kutengeneza vibao vya maduka, alizoea kutazama kwanza.

Bamba la plastiki lilisimama kwa ubavu katikati ya magodoro mawili, kama alivyoagiza, maana bamba la futi kumi ukililaza kwenye barabara ile ya makorongo, linapasuka. Lilitoka Kisumu kwa meli hadi Musoma, jeupe kama maziwa, limebandikwa karatasi pande zote lisikwaruzike. Walilingoja miezi miwili. Meli hiyohiyo ilishusha na bamba jingine, la mwenye duka mmoja wa Butiama, la namna rahisi, lile linalogeuka njano kabla mwaka haujaisha. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

"Ulilala wapi, Machage?"

"Butiama, mama. Nilimpelekea mama chumvi."

Butiama! "Na bamba?"

"Nililishusha, nikaliegemeza ukutani kwetu. Watu huwaga wanachungulia lori."

Mwanaupe akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya chini. Kule Musoma alikuwa ameandika juu ya karatasi, kwa penseli, herufi moja ya Kiarabu, mimu, ya jina lake. Sasa pembe ilikuwa tupu, karatasi imenyofolewa kiasi cha kiganja.

"Alama yangu iko wapi?"

"Mbuzi wamekula, mama. Wanapenda ile gundi."

Mzee Hamduni, mwenye duka lililongoja kibao hicho, akacheka puani. "Mbuzi wenu wamesoma hao! Karatasi yote hiyo, wakachagua penye herufi."

Bamba likaegemezwa mlangoni, juani, huku fundi Jilala akienda kuleta fremu ya kibao. Aliichonga kwa kufuata ufito ambao Mwanaupe aliukata Musoma, alfajiri, sawasawa na urefu wa bamba. Wakaliinua, wakalisukuma. Halikuingia. Jilala akapima fremu kwa ufito: sawa. Akapima bamba: limezidi kwa unene wa sarafu mbili za shilingi, zile zenye simba.

"Plastiki hairefuki kama mhogo," Hamduni akasema. "Hili si lile."

"Umeniibia, Machage," Mwanaupe akasema, na wateja wote wakageuka.

Machage alivua kofia. "Mama, kesho kutwa napeleka ng'ombe wa mahari. Neno hilo likinitangulia kwa wakwe, ng'ombe watarudishwa. Kwetu hakuna anayempa mwizi binti."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Mwanaupe aliagiza bamba liingizwe ukumbini, kivulini, lisikanyagwe, akaenda kuswali. Siku hiyo swala haikumtulia. Alikaa juu ya mkeka, akavuta tasbihi, uso wa kijana ukimrudia.

Baada ya alasiri alirudi ukumbini, akaweka kiganja juu ya bamba. Lilikuwa la baridi. Mchana, walipoliinua, lilimchoma kama kikaango. Ndipo akamkumbuka Kasmiri. Alikuwaga anapima bamba na fremu wakati mmoja, halafu anamwambia fundi aache upenyo wa bamba kutanuka kwa joto. Yeye Mwanaupe aliuona upenyo ule ni uvivu, akamwambia Jilala achonge kamili.

"Jilala, leta ufito."

Wakalipima bamba lililopoa: sawa. Ufito wala haukupungua, wala haukuzidi.

Akainamia pembe iliyonyofolewa. Kwenye gundi zilinasa nywele tatu nyeupe, fupi, ngumu. Za ndevu za mbuzi.

"Astaghfirullah."

Alitoka hadi palepale mlangoni aliposemea mwanzo. Machage alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, hakuinua kichwa.

"Jamani! Niliyemwita mwizi hapa si mwizi. Aliyekosea ni mimi."

Hamduni akajikohoza. Machage hakucheka wala hakushukuru.

"Hawa wateja sio wanaotoa binti, mama. Ukayaseme kwa wakwe zangu."

"Nitayasema."

Akamwagiza Jilala achonge upenyo kabla ya kutia bamba, akabandua karatasi iliyoliwa, nywele zingali kwenye gundi, akaikunja. Kisha akapanda lori kwenda kwa wakwe wa Machage, karatasi ya mbuzi mapajani.