Zamu ya Bi Sichana

Asubuhi moja Bi Sichana aliingia kichakani nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Mkokotoni, kuokota kuni. Aliinama kuchukua kijiti chini ya mkwamba, na majani makavu yaliyokuwa pembeni mwa mkono wake yakafumbua jicho.

Alikuwa barabaraba, ndege ambaye watu wa pale humsikia kila magharibi na wengi wao hufa hawajamwona. Hajengi tundu. Hutaga juu ya majani yaliyoanguka, akayalalia mayai yake mchana kutwa, na rangi yake ni hiyo hiyo ya majani: kahawia, kijivu, madoa ya kutu, mistari myeusi kama nyufa za gome. Macho huyafumba akabakisha uzi mwembamba wa kuchungulia. Bi Sichana alichuchumaa kumtazama, na kila alipopepesa ilimbidi amtafute upya. Akasema polepole, "Subhanallah," akarudi nyumbani bila kuni. Tangu hapo akawa anakwenda kila siku.

Kichaka kile alipewa na mumewe, marehemu Silima, kuwa ni mahari yake, na ukoo mzima ulilijua hilo. Shemeji yake, Ubwa, akakiuza kwa mtu wa kujenga nyumba za wageni. Hakumuuliza. Bi Sichana alipata habari siku vijana walipokuja na misumeno kufungua njia. Mti wa kwanza ulimwangukia barabaraba. Hakuruka, kwa kuwa barabaraba akiwa juu ya mayai huamini kwamba haonekani.

Vijana walipokwenda kula, Bi Sichana alinyanyua matawi. Mayai mawili yalikuwa mazima, yameanza kupoa. Akajilaza kwa ubavu, akayafunika kwa kwapa.

Kufika adhuhuri kanga yake ilikuwa imeshageuka rangi. Alasiri mikono ikatoka madoa ya kijivu na kutu, na uso ukapata mistari, na vijana waliporudi wakampita bila kumwona. Hakuumwa. Magharibi dume la barabaraba lilikuja bila sauti, likatua begani mwake, likashuka kupokea zamu. Bi Sichana akaenda nyumbani, akatawadha, akasali, akala muhogo wa nazi. Alfajiri alirudi, na dume likampisha.

Binti yake, Tahiya, alimfuata na chai, akakanyaga pindo la kanga.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Angalia usinikanyage mkono."

Tahiya alimtafuta kwa macho, akampata kwa sikio. "Nikuwekee wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Mimi nakuona."

Greda lilipokuja, liliendeshwa na Matar, mtu mpole wa Chukwani. Bi Sichana aliinuka majanini mbele ya bamba la greda, akaulegeza mkono mmoja kama uliovunjika, akaenda akiuburura na kuugua. Ndivyo barabaraba wanavyofanya na bawa lao kumvuta adui mbali na mayai, ingawa yeye hakufundishwa na mtu. Matar alimwonea huruma akamfuata na greda lake, na vijana wakamfuata Matar. Kila walipomkaribia alianguka mbele zaidi. Wakafika barabarani, wakaingia sokoni, wakapita katikati ya meza za samaki. Hapo Bi Sichana akaunyoosha mkono, akamsalimu muuza pweza, akarudi kwake kwa njia ya nyuma. Greda likaishiwa mafuta pale pale sokoni, na wanawake wakalianikia dagaa mpaka mafuta yalipoletwa kutoka mjini.

Katika siku hizo mayai yakaanguliwa. Makinda nao walikuwa majani. Bi Sichana alipowaita kwa koo, majani mawili yalijitenga na mengine yakamwendea, kisha yakatulia, na kichaka kikawa kama hakijawahi kuwa na kitu. Jioni moja waliruka na baba yao, vinywa wazi, wakifuata nondo, naye akasimama, akakung'uta kanga. Rangi haikutoka.

Ubwa akawaita wazee wa ukoo nyumbani kwake ili mauzo yapate baraka zao. Bi Sichana alifika mapema, akakaa mkekani pamoja na Tahiya. Mzee Amour, mkubwa wa ukoo, akaita majina.

"Sichana yupo?"

"Naam. Nipo, mzee. Na sikubali."

Wote walisikia. Mzee Amour aliutazama mkeka kwa makini, ukindu mmoja baada ya mwengine.

"Hayupo," akasema.

"Babu, si huyu hapa," Tahiya alisema. "Amekujibu."

"Sauti nimeisikia, mjukuu wangu. Mwenyewe simuoni."

Wakaomba dua ya kuyabariki mauzo. Mke wa Ubwa akapita na birika la kahawa. Alipofika kwa Bi Sichana alimimina kikombe, akakiweka mkekani kwa kukisia, akangoja mpaka kikanywewa, akakitwaa, akapita kwa mwengine. Kutoka upande wa kichakani walisikia Matar akiliwasha greda.