Mume Wangu Analinda Mlango

Mtoto mgonjwa hanisumbui. Mtoto mgonjwa unampa uji anakunywa, unampaka dawa ananyamaza, mnalala. Anayenimaliza mimi ni mtoto anayepona. Huyo hakuachi ukae.

Wajukuu wangu wawili, Kiponda na dada yake Kahaso, walishikwa na tetekuwanga wiki ileile ambayo mama yao, Jedida, alikuwa aje awachukue. Mwanangu na mkewe wamepata nyumba Malindi, na Kiponda amepata nafasi shuleni huko. Lakini tangu waanze kutambaa watoto hawa wako na mimi hapa Adu, mimi ndiye hawe wao, bibi yao, mimi ndiye niliyewafundisha hata kupenga kamasi. Basi Jedida aliponipigia simu akasema, "Mama, wakipona tu nakuja," nilimjibu sawa mwanangu. Nikakata simu, nikaenda nyuma ya jiko, nikamshukuru Mungu kwa tetekuwanga. Naam, nilishukuru. Anayetaka kunisema aniseme.

Muuguzi wa zahanati alinionya wasitoke nje ya boma. Upande wa pili wa ua anakaa mzee Garama na Abigael, mke wa mjukuu wake, na Abigael ni mja mzito. "Bibi, wasimsogelee hata kidogo mpaka vidonda vyote vikauke," aliniambia, na alinitazama kama aliyeshaona kwamba sitaweza.

Siku za mwanzo tulikwenda vizuri. Homa iliwalaza, mimi nikawa nawaogesha kwa majani ya mwarobaini na kuwapepea kwa kipande cha boksi. Kisha homa ikaondoka na mashetani yakarudi mahali pake. Niliwapa mahindi wapukuchue. Kahaso, ambaye ana miaka mitatu, akatia punje puani, nikahangaika naye mpaka akapiga chafya. Niliwahadithia hadithi za sungura zote nizijuazo, wakaniambia nimezikosea. Nikachukua ndara kuukuu nikawakatia magurudumu ya gari la kuchezea, na gari likawa zuri kweli, mpaka nilipotaka kwenda chooni nikagundua nimekata ndara zangu nzima na zile kuukuu bado ziko chini ya kitanda. Paka alihama. Paka mwenyewe, mwenye akili, alituhama.

Na kila jioni Abigael akikaanga mihogo, harufu inavuka ua, na Kiponda naye anataka kuifuata. Siku moja nilimkuta mguu mmoja umeshaingia kwa Garama.

"We Kiponda! Rudi hapa kabla sijakuvunja huo mguu!"

"Nataka muhogo, hawe."

"Nitakukaangia mimi."

"Wako haulainiki."

Loo! Nikamvuta kwa kaptura. Na hapo hapo mzee Garama akatokea upande wake, kofia imekaa upande, ameshika fimbo yake. Garama ni mjane tangu zamani na mdomo wake haujapata kufungwa. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kabibi, mumeo anatoroka? Akitoroka mimi naingia, nakuoa leo leo."

Lazima nieleze hapo. Kiponda amepewa jina la marehemu mume wangu, baba wa baba yake, na kwetu Giriama mjukuu mwenye jina la mumeo ndiye mumeo. Unamwita hivyo, unamtania hivyo, unamgombeza hivyo. Mimi mume wangu ana miaka sita na hana meno ya mbele. Kahaso basi ni wifi yangu, na kama mawifi wote kazi yake ni kuchungulia sufuria na kusema chumvi haijakolea. Mzaha huu tumeucheza tangu wazaliwe, na kila mtu mzima anajua ni mzaha.

Lakini Kiponda aliukunja uso. Akamtazama Garama, akanitazama mimi. "Anaweza?" akauliza.

Nami akili ikanijia. "Atashindwaje? Mlango uko wazi, mwenye nyumba anarukia nyua za watu akitafuta mihogo. Mwanamume asiyekaa kwake hunyang'anywa mke, bwana."

Basi, huo ndio ukawa mwisho wa kutoroka. Mtoto aliingia jikoni akachukua mwiko wa sima, akaenda kusimama mlangoni. Tangu siku hiyo nikawa nasonga sima kwa mti wa kuni uliochongwa, kwa sababu mwiko ulikuwa na kazi. Asubuhi akishaoga anakwenda zamu. Kahaso akawa askari wa dirishani, akiona kuku tu anapiga kelele, "Galama huyooo!" na wote wawili wanakimbia kufunga komeo. Na Garama naye, mbaya yule, alipoona mchezo umenoga akawa anakuja kila siku mpaka kwenye ua, anakohoa, anaimba kwamba ana harusi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tangu nifiwe sikuwa nimecheka hivyo, na nyumba yangu haikuwa imechangamka hivyo.

Kiponda akakua kidogo ndani ya wiki hizo. Akawa ananiuliza, "Mke wangu, umekula?" Nikimjibu bado, anakwenda kukemea wifi yangu kwa nini hakunipa chakula. Usiseme sikufurahi. Kila nilipowaogesha nilikuwa navitazama vile vidonda, na kila kilichokauka kilinichoma mimi. Nilijua kikikauka cha mwisho nyumba hii itabaki na mimi na paka, kama paka atarudi.

Kikakauka. Jedida akaja asubuhi na pikipiki ya kukodi, kapendeza, kaniletea khanga na mkate. Aliwakumbatia wanawe, akawageuza huku na huku, akasema, "Mama, umewatunza jamani, hata makovu hawana." Akaanza kufunga nguo zao.

"Mimi siendi," Kiponda akasema. Amesimama mlangoni na mwiko wake.

"Huendi wapi, baba?"

"Malindi. Nikienda, Garama anamwoa mke wangu."

Jedida alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mtoto hacheki. Akambembeleza: kuna shule, kuna baba, kuna kitanda kipya. Mtoto anatikisa kichwa. Akamwambia ni mzaha, Garama anatania tu. Mtoto akasema, "Hawe mwenyewe amesema." Jedida akakasirika, akamshika mkono, naye akaushika mwimo wa mlango kwa mkono wa pili, akalia kilio ambacho sijakisikia kwake hata tetekuwanga ilipopamba moto.

"Mama, mwambie wewe," Jedida akaniomba. "Wewe ndiye anayekusikia."

Nami nikanyamaza. Nilijifanya natafuta kiatu cha Kahaso. Haki ya Mungu, sikuwa na haja ya kusema uongo wala kufanya lolote, ni kunyamaza tu, na mtoto angebaki wangu.

Jedida alichoka. Alinitazama, akafuta uso, akasema taratibu, "Basi. Nitamchukua Kahaso. Huyu abaki mpaka muhula ujao, tutaona."

Nilikuwa nimekipata nilichokuwa nikikiombea nyuma ya jiko. Moyo uliruka kwa furaha, sikatai. Kisha nikamtazama Kiponda. Alikuwa anamwangalia mama yake akimvisha dada yake viatu. Machozi yanamtiririka, kidevu kinatetemeka, mwili wote unataka kumkimbilia mama, lakini miguu haisogei pale mlangoni. Alikuwa anataka kwenda! Anatamani kwenda kuliko kitu chochote, na anabaki kwa ajili yangu, mimi mzee mzima niliyemtisha na Garama.

Nikaona haya nisivyoweza kusema. Nikapiga magoti mbele yake, magoti yakalia, nikamfuta kamasi.

"Mume wangu," nikamwambia, nikimhesabu ndiye marehemu mwenyewe, "wewe siku zote ulikuwa unakwenda kazini. Ulikuwa unafanya kazi kule kwenye chumvi, Gongoni, mwezi mzima huonekani. Mimi nabaki hapa nalima. Uliwahi kurudi ukakuta nimeolewa?"

Akafikiri. "Sikukuta?"

"Hukukuta hata siku moja. Ulirudi, ukanikuta, nikakupikia. Sasa kazi yako ni shule. Nenda, likizo urudi nyumbani kwako."

"Na Garama?"

"Garama mwite umwambie mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye nyumba?"

Kiponda akatoka mpaka kwenye ua akamwita. Garama akaja, mdomo umeshafunguka kwa utani wake, lakini alipouona uso wa yule mtoto akaufunga. Kiponda akasimama mbele yake, kimo chake kinafika kwenye mkanda wa mzee.

"Mimi nakwenda Malindi," akasema. "Mke wangu haolewi."

"Haolewi," Garama akaitika.

"Lakini umletee kuni, kwa sababu akiinama mgongo unamuuma, na hasemi. Ukishaleta, ule naye, maana hapendi kula peke yake. Ukishakula uende kwako."

Hakuna aliyecheka. Mimi sijawahi kumwambia mtu habari ya mgongo wangu. Wala ya kula peke yangu. Garama alivua kofia yake, akasema, "Nimesikia, bwana Kiponda. Nitafanya hivyo hivyo."

Nami ambaye sikulia mbele ya mkwe wangu hata siku tuliyomzika marehemu, nililia pale uani bila kuficha uso. Nikamnyanyua mwenyewe, acha mgongo uniume, nikampandisha kwenye pikipiki katikati ya dereva na mama yake aliyempakata Kahaso, nikamwambia ashike vizuri.