Sindano Chini ya Mtulinga

Fundi magari aliletwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa amepondwa tumbo. Mdogo wake ndiye aliyempiga kwa spana ya magurudumu, wakigombania gereji ya marehemu baba yao. Upasuaji alishafanyiwa, lakini usaha ulikuwa umeingia kwenye damu na presha ilizidi kuporomoka. Mishipa ya mikono ilikuwa imenywea. Kila sindano ilitoka kapa.

Daktari, mwanamke mwembamba ambaye wauguzi walimwita Chuma, aliamua kupitisha mpira kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, dawa zifike karibu na moyo. Alimweleza mke wa fundi hatari zake: angeweza kutoboa ateri, au pafu. Mke alijibu kwamba bora hivyo kuliko kukaa wakimtazama anakufa.

Sindano ilikuwa imeshazama pale fundi, akiweweseka kwa homa, alipojirusha. Alimkaba muuguzi koo, akamtandika Chuma teke la mbavu. Walimbana kitandani hadi nguvu zikamwishia, na mpira ukaingia. Punde akaanza kutweta. Mishipa ya shingo ilitutumka, kifua cha kulia kikavimba wala hakikusogea. Chuma akajua ametoboa pafu, na hewa iliyovuja ilikuwa inaukandamiza moyo. Kusubiri picha ya eksirei kungekuwa kumuua. Alichukua sindano nene akaikita kati ya mbavu ili hewa itoke.

Mdogo mtu, aliyekuwa mafichoni tangu ugomvi ule, alikuwa amefika mlangoni kuomba radhi. Alichokiona ni kaka yake akidungwa kifuani. Alivamia kama mbogo, akamvurumishia Chuma ngumi ya mdomo. Chuma aliangukia kitanda, damu ikimchuruzika kidevuni, lakini hakuiachia ile sindano. Hewa ikatoka kwa kishindo. Ngumi ya pili haikufika. Mke wa fundi, aliyekuwa akingoja nje, aliingia mbio akamshushia shemeji yake kiti cha chuma mgongoni.

“Uliyemleta hapa ni wewe,” alimwambia shemeji alipoanguka chini. “Usije ukammalizia.”

Walinzi walimburuta nje. Jioni, mdomo umeshonwa, Chuma alimwita yule mke.

“Pafu nimelitoboa mimi,” alisema. “Tumeweka mpira wa kutoa hewa. Litapona, lakini ujue ni mkono wangu.”

“Ulinionya,” mke alijibu. “Na sindano hukuiachia.”

Fundi alipozinduka aliuliza nani kampasua daktari mdomo. Alipoambiwa, alilia bila sauti, kisha akaomba mdogo wake asiruhusiwe tena kumkaribia.