Mkunga Anayerudi Mikono Mitupu

Nisiwadanganye, Obuobi nilikuwa simpendi. Siku hizi nimemsamehe kidogo, lakini ile miezi mitatu ya kuangaliwa kazini, pale ofisini kwetu mtaa wa Osu, jamaa aliniweka roho juu.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya wodi za wazazi. Mtoto akizaliwa, kompyuta inatoa utepe wa kumfunga mkononi, wenye jina lake na la mama yake. Obuobi ndiye aliyeiandika, mimi kazi yangu kuipima. Kipimo chenyewe pia aliandika Obuobi, pamoja na kipande kidogo cha programu cha kukisaidia, tukakiita Mkunga. Ukimwita Mkunga, anazalisha watoto watano wa kubuni, kila mmoja na namba yake na mama yake, na anawapa jina la siku waliyozaliwa, kama wanavyoandikwa wodini kabla hawajapewa majina mengine. Wote wavulana. Usiniulize kwa nini, muulize Obuobi, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa na kila asubuhi lazima tusikie habari zake.

Sasa, Jumatatu nikapima: nyekundu, yaani imefeli; ikifaulu huwa kijani. Jumanne: nyekundu. Jumatano nikamwendea.

"Kompyuta yako mbovu hiyo," akaniambia, hata kichwa hainui. "Kwangu ilikuwa kijani."

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita. Dada, kupima nako kunahitaji akili, ujue."

Nilitamani kummwagia chai. Bwana Ansah, bosi wetu, akatusikia akatoka ofisini kwake. "Enyonam, Ijumaa Matroni Adoley anakuja kuikagua. Jumatatu inaanza kazi wodini kwake. Na Ijumaa hiyohiyo miezi yako mitatu inaisha. Nikiona nyekundu, kusanya vitu vyako."

Yaani kosa aandike mwingine, virago nifunge mimi. Haya.

Alhamisi, nyekundu tena. Ijumaa asubuhi nikapima. Kijani! Kijani mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyegusa chochote. Obuobi akapiga makofi. "Si nilikwambia? Ulikuwa na nuksi tu." Bosi kwa furaha akaagiza kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga, Matroni akafika, akakaribishwa kiti kizuri, na mimi kazi nikawa nayo. Ilikuwa ninyamaze tu na kula samaki wangu.

Lakini kitu kilichoumwa siku nne halafu kikapona chenyewe, mimi kinaniwasha. Nikafungua kile kipimo cha Obuobi nisome neno kwa neno. Kimeandikwa: tafuta utepe wa mtoto aitwaye Kofi. Kofi! Mtoto wa Ijumaa! Kumbe bwana mkubwa aliandika siku ya Ijumaa, Mkunga akazalisha akina Kofi, naye akaandika Kofi kwa mkono wake, akaenda zake nyumbani. Jumatatu Mkunga anazalisha akina Kojo, kipimo kinamtafuta Kofi. Kitampata wapi?

Nilikaa na kipande cha samaki mkononi. Nikisema, nafukuzwa. Nisiposema, nitalalaje?

"Bosi," nikasema, "naomba nibadilishe tarehe ya hii kompyuta iwe kesho."

"Ya nini tena?"

Sikungoja ruhusa. Nikaweka Jumamosi, nikapima. Nyekundu. Bwana Ansah akaanza kukohoa. Nikamweleza Matroni tatizo la Mkunga: anazalisha, anafunga mlango, anaondoka, hamwambii mtu kazalisha nani. Kipimo kinabaki kubahatisha.

"Mkunga gani huyo hamkabidhi mtu mtoto?" Matroni akauliza. "Kwangu ningemfukuza."

"Ni wa Obuobi," nikajibu, roho kwatu.

Robo saa ilinitosha. Nikamfundisha Mkunga kurudi na kila mtoto mikononi: jina hili, namba hii, mama huyu. Kisha nikakiambia kipimo kitafute utepe wa mtoto yuleyule aliyekabidhiwa, si wa Kofi yeyote. Nikarudisha tarehe ya Ijumaa, siku yetu ya bahati.

Nyekundu.

Safari hii jina lilikuwa sawa. Mama ndiye hakuwa sawa. Programu yenyewe ilikuwa inatafuta kwa jina tu, ikimwona Kofi wa kwanza inamshika huyohuyo. Watoto watano, tepe tano, na zote zimeandikwa mama mmoja. Kile kijani chetu hakikuwahi kumuuliza mtu mama yake nani.

Matroni aliacha kutafuna. "Ijumaa iliyopita," akasema taratibu, "wodini kwangu walizaliwa akina Kofi tisa."

Akanawa mikono, akachukua mkoba wake. "Jumatatu naendelea na kalamu yangu. Mkimaliza mniite. Na huyu binti awepo."

Bosi akanitazama, akatazama viatu vyake. "Enyonam, vitu vyako viache hapohapo."

Niligeuka nimcheke Obuobi, nilikuwa na maneno yangu tayari, wiki nzima nayahifadhi. Nikayameza. Jamaa alikuwa amevuta kiti mpaka karibu yangu, jasho linamtoka, macho kwenye zile tepe tano.

"Dada Enyonam," akasema, "mke wangu atajifungulia kwa huyu Matroni. Hebu mwite Mkunga tena. Nataka kuona mtoto wangu angepewa mama yupi."